Kufuli ya Shaba

"Hodi wenyewe!" Siwema aliita mara ya pili. Beseni la stilwaya za kusugulia sufuria, viberiti na kufuli lilikuwa limeshamlemea kichwani, maana alikuwa na miaka kumi tu.

"Usipige kelele," sauti ya mtoto ilinong'ona chini ya mlango. "Mjomba yuko hapo dukani tu."

Siwema aliinama. Vidole vinne vyembamba vilikuwa vimechomoza kwenye upenyo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kufuli ya shaba, nayo aliitambua mara moja. Aliiuza yeye mwenyewe juma lililopita, kwa bwana mcheshi aliyemwita mwanangu na kumwachia chenji.

"Umo humu tangu lini?"

"Sijui. Dada, una maji?"

Bibi yake, ambaye ndiye aliyempa bidhaa za kutembeza, alimkanya kila asubuhi: mteja asijue kwamba kufuli hizi rahisi, zikitoka katoni moja, hufunguliwa na ufunguo mmoja. Siwema alitua beseni, akachukua kufuli mpya ya katoni ile ile, akachomoa ufunguo wake. Akauelekeza kwenye kufuli ya mlango.

Nyuma yake geti lililia.

"Ah, mwanangu!" ilisema ile sauti ya ucheshi. "Leo umeniletea nini?"

Siwema hakugeuka. Ufunguo ulikuwa umeshazama tunduni. Pale chini, vile vidole vinne vilimshika kidole gumba cha mguu, vikang'ang'ania.