Muhuri wa Bwana Lugirizal

"Toa kidole chako hapo!" Lugirizal alifoka, akakipokonya kibao cha udongo mbichi.

Mjane Ninbanda alikuwa ameshabonyeza ukucha wake pembeni. Shamba lenyewe, kando ya mfereji, aliachiwa na marehemu mumewe, na ndilo lililowalisha wanawe wanne. Lakini Lugirizal, msimamizi wa mashamba ya hekalu mjini Lagashi, alimfungia maji msimu mzima mpaka akasalimu amri, akakubali kumwachia shamba kwa maandishi.

"Bwana, maskini hana muhuri," alisema mwandishi aliyekiandika kibao. "Hutumia ukucha."

"Ukucha wenye mavi ya punda, kwenye kibao changu?"

Mtu huyu alikuwa na makuu ya kuchosha. Asubuhi hiyohiyo alikataa katakata jina lake liandikwe kwenye udongo mmoja na la mjane. "Andika 'mwenye alama hii' na 'mwenzake', basi," aliamuru. "Mji mzima unanijua." Kusoma kwenyewe hakuwa akijua. Kusoma, alipenda kusema, ni kazi ya watu wa kutumwa.

Aliifuta alama ya ukucha kwa dole gumba. Kisha akavua shingoni muhuri wake wa jiwe la buluu, akauviringisha juu ya udongo, mbele, nyuma, hata kingoni.

"Lakini bwana, kwa desturi..." mwandishi alianza.

"Desturi ni mimi! Kianike juani."

Mwandishi akakianika. Ninbanda akajifunga shuka yake vizuri, akaenda zake.

Maji yalipofunguliwa, Lugirizal alipeleka ng'ombe wake wakalime, akamkuta mjane yumo shambani, jembe mkononi, anaimba. Hasira zikampanda. Akamburuta hadi kwa hakimu langoni mwa hekalu, umati nyuma yao.

"Mwizi wa shamba huyu, mheshimiwa! Kibao hiki hapa, soma watu wasikie!"

Hakimu alikigeuzageuza. "Muhuri huu ni wa nani?"

"Wangu! Nani asiyeujua?"

"Uliutia mwenyewe? Hukulazimishwa?"

"Mimi? Nani wa kunilazimisha mimi?"

Watu walicheka. Lugirizal naye akacheka, kifua mbele.

Hakimu akasoma polepole: "'Mwenye alama hii ameliacha shamba la mferejini kwa mwenzake. Hatalidai tena, yeye wala wanawe.'"

Akakiweka kibao chini, akamgeukia Ninbanda.

"Haya mama, mwaka huu unapanda shayiri au vitunguu?"