Picha Zilizopoteza Majina

"Diski ilikufa, mama, lakini picha zimerudi," fundi alisema. "Majina tu ndiyo yamepotea."

Bi Nyamizi alitaka picha moja ya binti yake Doto, waliyemzika mwezi uliopita, aitundike ukutani. Zamani kila picha ilikuwa na jina la mtoto chini yake. Sasa kwenye kompyuta kila picha ilionyesha kama msichana mmoja tu, nguo zilezile, misuko ileile. Mwenyewe ndiye aliyewavalisha sare wanawe pacha, Kulwa na Doto, tangu utotoni.

"Kulwa, huyu ni wewe?"

Kulwa alitazama sana. "Sijui, mama. Ulituvalisha sare mpaka kandambili!"

"Acha utani. Hebu cheka kama huyu."

Kulwa akajaribu kucheka. Mama akamtazama, akatazama picha, akamrudia tena Kulwa.