Piano kwenye Ngazi

Wachukuzi wanne walikuwa wakishusha piano ya marehemu, na mjane wake, Bi Honorine, akifuata nyuma huku amejikaza asilie. Mumewe alitunga nyimbo maisha yake yote, na alipofariki gazeti halikuandika hata mstari mmoja.

Ngazi ilipopinda, Gaspard, kiongozi wa wachukuzi, alianzisha wimbo. Wenzake wakaitikia, hatua kwa hatua.

Bi Honorine alishtuka. "Wimbo huo mmeutoa wapi?"

"Huu wa kubebea mizigo, mama? Kila mchukuzi mjini anaujua."

"Mume wangu aliutunga kumbembelezea mtoto wetu!"

"Basi mtoto huyo alikuwa mzito!"

Bi Honorine alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tueni hapohapo," alisema, akafunua piano. "Wimbo mnaukimbiza mno. Tuanze tena."

Juu na chini, milango ya majirani ikaanza kufunguka.