Kucha za Mguu wa Nane

"Itie sahihi ripoti yangu basi, Coralie, chai inapoa," alisema mkuu wa makumbusho, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mkaguzi wake.

Chini ya darubini, buibui alikuwa amelala ndani ya spiriti. Kucha mbili kila mguu, mkuu alikuwa ameandika, na kwa hizo mbili, badala ya tatu za jamaa zake, akamhamishia kwenye familia mpya aliyoibuni mwenyewe.

Kwa kawaida hukaguliwa mguu mmoja tu. Lakini haraka ile ilimtia Coralie shaka, akaikagua yote minane. Miguu saba ilikuwa na kucha mbili, na katikati yake kijishina kilichokatwa kwa wembe.

Wa nane, uliojikunja chini ya tumbo, ulikuwa na kucha tatu.

Kibano cha mkuu kikapita begani kwake.

"Huo umeharibika," alinong'ona. "Hebu nikuondolee."