Kikohozi cha Nje

Domitila alikuwa akichora seli kwa mkaa juu ya gunia la unga lililofumuliwa. Mwalimu mwenzake mpya, aliyeripoti Mtwara wiki ile, alishika ncha lisijikunje.

"Dada, hiyo seli au muhogo?" mgeni alitania.

"Muhogo wa shamba la ujamaa huo, wetu sote," Domitila akacheka. "Tazama hapa kwenye utando, ukingo wa seli. Hivi ni vipokezi. Homoni nyingi hupita nje, navyo vimetulia. Ikija iliyo yake, kipokezi huishika. Haiingii, ila huko ndani kila kitu huamka."

Barabarani wanaume walipita kwenda mkutanoni, wakiongea, wakikohoa. Mgeni hakuinua uso.

Ndipo kikasikika kikohozi kifupi, kikavu, cha mume wa Domitila akirudi kutoka bandarini.

Mgeni, aliyesema hajawahi kumwona shemeji yake huyo, aliliachia gunia. Mkono ukaenda wenyewe kurekebisha kitambaa cha kichwa. Mshipa wa shingo ukawa unadunda.

Mkaa ukavunjika kiganjani mwa Domitila.

"Ya ndani tutachora kesho," alisema, macho yake yakiwa bado kwenye ule mshipa.