Mholanzi wa Genova

Gerolamo alikuwa Mholanzi tangu saa tatu asubuhi, na mpaka hapo hakuna aliyemshuku.

Uholanzi wake aliuokota kwenye nguzo ya taa karibu na lango la bandari. Abiria wa meli za matembezi, wakirudi melini jioni, hubandua vibandiko vya kijani walivyovaa kifuani na kuviacha pale. Mwenye kibandiko huzungushwa mji mzima wa Genova, na mchana hulishwa. Gerolamo, aliyeendesha kreni bandarini miaka thelathini na sita, alikuwa akivipita kila siku bila kuvigusa. Jana jioni shetani wa kustaafu akamshinda. Nguzo iliyokuwa imejaa asubuhi alikuta imebaki na vibandiko viwili tu, akachukua kimoja.

Si njaa iliyomtuma. Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita, na nyumba yake iko ndani ya kichochoro ambacho hakioni jua wala bahari. Alichoka kula akitazamana na ukuta.

Asubuhi hiyo Fulvia, mtembezaji wa wenye vibandiko, aliwapokea uwanjani akiwa na mwavuli wa manjano uliokuwa ukipigana na masalio ya upepo wa usiku. Akawahesabu: kumi na tisa. Akawatazama mmoja mmoja, akacheka peke yake, akawaongoza.

Kituo cha kwanza kilikuwa kahawa ya maziwa na focaccia, ule mkate bapa wa mafuta na chumvi. Gerolamo alijisahau. Akauchovya mkate kwenye kahawa kama alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake, kisha akashtuka. Mholanzi gani anachovya mkate wa chumvi kwenye kahawa? Wageni wakiona hivyo hukunja uso. Mwanamke wa makamo aliyekaa karibu naye, mwenye kofia ya ukindu, alikitazama kikombe chake, akauchovya wa kwake pia. Gerolamo akashukuru moyoni. Mgeni mwenye adabu, anamwiga ili asimwaibishe.

“Kwenu wapi?” mwanamke akamuuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza.

“Uholanzi,” akajibu Gerolamo, kwa Kiingereza chake cha bandarini. “Na wewe?”

“Norwei.”

“Norwei kukoje?”

Mwanamke akafikiri. “Kuna samaki. Uholanzi je?”

“Kuna ng’ombe.”

Kila mmoja akarudi kwenye kahawa yake, akionekana kuridhika.

Wageni wa siku hiyo walikuwa watu wa kupendeza. Hakuna aliyepiga picha wala kuuliza choo kiko wapi. Pikipiki ilipopiga honi kichochoroni, wote walijibana ukutani kwa pamoja kama askari. Fulvia alipotia chumvi kwenye habari za jumba moja na kuliongezea miaka mia, Mkanada mmoja mnene akakohoa kwa hasira. Na mezani, Fulvia aliposema kuwa siku hizi wapo wanaotia malai kwenye pesto, ule mchuzi wa mrehani wa Genova, meza nzima ikanuna.

Lakini Gerolamo hakuwa na nafasi ya kuyapima hayo. Kwenye ngazi zenye utelezi alimshika Mnorwei mkono, na ngazi zilipokwisha hakuna aliyekumbuka kuuachia. Mwanamke huyo alicheka kwa sauti nene, kicheko cha mtu asiyeomba ruhusa. Alikula dagaa waliojazwa chembe za mkate na mayai, akalamba vidole. Tuseme wazi: mzee wa miaka sabini na mbili alipenda, tena ilikuwa kati ya kanisa kuu na sahani ya pili.

Na hapo ndipo furaha ilipomgeuka Gerolamo. Kwenye kibandiko kilichokuwa kifuani mwa mwanamke yule, kama kwenye cha kwake, kulikuwa na maandishi: kurudi melini saa kumi na moja. Saa kumi na moja meli ingemchukua, impeleke kwenye samaki wake, na yeye angerudi kwenye ukuta wake. Hata anwani hakuweza kumwachia, maana anwani yake ilikuwa hapa na uongo wake ulikuwa Uholanzi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hakujua kuwa inauma hivi mwishoni.

Saa kumi na nusu lifti ikawapandisha Castelletto, juu ya mapaa yote. Mwanamke akasimama kwenye uzio, akishikilia kofia na kutazama bandari. Gerolamo akapiga moyo konde, akafungua mdomo, na Kiingereza kikamkimbia. Basi akasema kwa Kigenova, lahaja ya wazee wa mji, ambayo hata Mtaliano wa Roma haielewi. Na iwe hivyo, alijisemea, asiponielewa angalau nitakuwa nimeyatoa.

“Mama, mimi si Mholanzi. Nimekudanganya tangu asubuhi. Nakaa hapo chini, nyuma ya soko la samaki, na Uholanzi sijafika hata siku moja. Miaka tisa sijacheka kama leo. Usipande hiyo meli.”

Nyuma yake mtu alipenga kamasi.

“Meli ipi?” akauliza mwanamke, kwa Kigenova.

Gerolamo akatazama chini. Gati la abiria lilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

“Ilishindwa kuingia alfajiri kwa ajili ya upepo,” Fulvia akasema, naye kwa lahaja hiyohiyo. “Na chakula cha watu kilikuwa kimeshaagizwa.”

Mkanada akafuta macho, akakirudisha kitambaa mfukoni.

“Mjibu mzee wa watu, mama,” akasema kwa Kigenova, na wale wengine kumi na sita wakaitikia kwa vichwa. “Sisi wa mtaa wa Sampierdarena basi letu linatuacha.”