Farasi Aliyechorwa Akapendeza Mno

Farasi mmoja alikuwa na tumbo kubwa, na majivuno yaliyolizidi tumbo. Mfalme Simba alipomteua kuwa tarishi wake, aliamuru picha yake ichorwe ukutani mwa jumba. Nyani, fundi wa kuchora, akamchora vile alivyo. Farasi akanuna.

"Fundi, punguza hilo tumbo. Shingo irefushe. Na meno hayo ni ya nani? Yafute."

Nyani akapunguza, akarefusha, akafuta.

Siku ya sherehe wanyama wote waliisifu picha. Farasi akaja kwa madaha, lakini Mbwa, bawabu wa jumba, akamzuia mlangoni.

"Punda hupitia nyuma, mzee."

"Mimi ndiye Farasi wa pichani."

Mbwa akatazama ukutani, akamtazama na yeye, akacheka mpaka akakaa chini. Farasi akaomba Nyani aitwe atoe ushahidi. Nyani akaja, akamzunguka mara mbili, akatikisa kichwa.

"Huyu simjui."

"Fundi, si wewe uliyenichora?" Farasi akanong'ona.

Nyani akamwinamia sikioni. "Nikikubali kuwa ni wewe, bwana, nani ataniita tena fundi?"

Basi Farasi akaenda nyuma kupanga foleni na punda, nao wakamwambia asisukume.